Mdoli wa Ngumbaru

Nilimkuta stoo, chini ya meza tatu zilizovunjika miguu, amelala kifudifudi na suruali yake imeliwa na mende mpaka magotini. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pamoja na ya wenzangu sita. Jengo letu pale Sumbawanga nalo lilikuwa linagawanywa: upande mmoja ubaki ofisi, upande wa pili apangishwe mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa ushonaji wa idara ya elimu ya watu wazima, na funguo za stoo nilikuwa nazo mimi, mkuu wetu aliniambia nitenganishe vya kubaki na vya kuchoma.

"Hicho kisanamu kichome," alisema alipochungulia. "Kinatisha watu."

Sikukichoma. Nilimfunga kwenye kitenge, nikambeba mgongoni kama mtoto mgonjwa, nikaenda naye nyumbani Malangali kwa miguu. Njiani mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja alinisimamisha akauliza mtoto ana nini. Nikamwambia ana homa.

Mdoli yule nilimjua tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Kisomo cha watu wazima kilipoanza kijijini kwetu, wanawake hawakutaka kwenda. Walisema ngumbaru ni ya watu wasio na kazi, na wao walikuwa na ulezi wa kupalilia. Ndipo siku moja ikaja Landrova ya serikali, akashuka mwanamume mwembamba aliyevaa koti lililomzidi. Alikaa kwenye kiti mbele ya shule, akampakata mdoli mwenye ukubwa wa mtoto wa miaka minne, kichwa kikubwa, macho ya kioo, taya la chini likifunguka na kujifunga. Mdoli akatusalimu. Mdomo wa yule mwanamume haukutikisika hata kidogo. Watoto wengine walikimbia. Mimi nilibaki kwa sababu mama alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

Mdoli alikuwa mbishi. Akionyeshwa herufi ubaoni, anasema kwa Kifipa cha wazee kwamba hiyo si herufi, hilo ni jembe limevunjika mpini. Akiambiwa asome, macho yanamuuma. Akiambiwa aandike, anasema ana wageni nyumbani. Kila kisingizio alichotoa kilikuwa cha mtu fulani aliyekaa pale kwenye nyasi, na watu walikuwa wanageukiana na kunyoosheana vidole. Mwishoni aliwaambia kina mama kwamba atarudi baada ya mavuno, na kwamba anataka kuandikiwa barua, maana tangu azaliwe hajawahi kuandikiwa barua na mtu yeyote.

Mama alianza ngumbaru wiki ile ile.

Nilidhani ni kwa ajili ya mdoli. Baba alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na barua zake nilikuwa nazisoma mimi. Mama alikuwa anakalia kinu kilicholazwa, mimi nasimama mbele yake wima kama niko darasani. Kuna sehemu nilikuwa naziruka. Baba aliandika kwamba amepata mwanamke huko, kwamba mwanamke huyo ana mimba, na kwamba mama ajitahidi kuwa na moyo wa kukubali. Mimi nilisoma "nawasalimu wote" nikakunja karatasi. Barua iliyofuata nikaruka tena. Hakuna aliyenituma. Niliona uso wa mama umetulia, nikashindwa kuuharibu. Akajifunza kusoma, akaanza kuzipokea barua mwenyewe na kuziweka kwenye kopo la majani ya chai, na hakuwahi kuniambia neno lolote kuhusu zile nilizomsomea mimi. Alifariki nikiwa chuoni. Nilipoajiriwa na idara ile, yule mwanamume mwembamba alikuwa ameshaondoka zamani, na mdoli wake sikumtia machoni mpaka siku ile ya stoo.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa kuliko nilivyowahi kuyaona: sabuni za kunukia, betri, kanda za muziki, marobota ya mitumba yakishushwa kutoka Tunduma, rangi za mafuta za kung'aa kwenye makopo madogo. Niliweka cherehani yangu barazani nikaanza kushona sare za shule na kupunguza makoti ya mitumba, maana baridi ya huku juu haimwachi mtu bila koti. Mume wangu alikuwa dereva, amehamishiwa Mpanda, anakuja mara moja kwa mwezi. Watoto wakienda shule nyumba ilikuwa kimya. Katika kimya kile nikaanza kumtengeneza mdoli.

Kichwa nilidhani ni cha mti. Nilipokigonga kikasikika kitupu. Kilikuwa cha karatasi zilizokandwa kwa gundi na kukaushwa mpaka zikawa ngumu, kazi ya Ulaya, ya zamani. Baadaye niliambiwa kwamba padri mmoja mzungu alikuja naye miaka mingi kabla ya uhuru, akawa anawafundishia watoto dini, akamwacha alipoondoka. Nilipopiga msasa shavu la kushoto, rangi ya kahawia ilitoka, chini yake ikatokea rangi ya waridi. Mtu alikuwa amempaka rangi yetu juu ya ile ya kwao. Pua nayo alikuwa ameiongeza kwa unga wa mbao na gundi ikawa pana, na pembeni ya mdomo alikuwa amechora kwa wino mikunjo miwili miwili, kama ya mzee anayejizuia kucheka. Nilivipiga msasa vyote mpaka pakawa laini. Nilitaka aanze upya.

Ngozi iliyoshika taya ilikuwa imekauka na kupasuka. Fundi viatu wa sokoni alinikatia nyingine kutoka kwenye ulimi wa buti la mtumba. Kamba ya kuvutia mdomo niliisokota mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu, nikaipaka nta. Jicho moja lilikuwa limezama ndani. Nililivuta kwa sindano ya kushonea magunia, nikachukua asubuhi nzima, na lilipokaa mahali pake na kuniangalia nikapiga kelele peke yangu kwa furaha.

Kisha nikaja kwenye miguu. Kichwa na kifua vilikuwa vigumu, lakini mikono na miguu ilikuwa ya kitambaa, mifuko mirefu iliyojazwa kitu na kushonwa kwa mkono. Nilitarajia sufi au matambara. Nilipofumua mshono nikakuta karatasi. Zilikuwa zimekunjwa ndogo ndogo na kushindiliwa, nyingi za kujaza beseni. Baadhi zilikuwa zimetobolewa na wadudu, baadhi zimegandana kwa unyevu, lakini nyingi zilikuwa nzima. Nilikunjua moja. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizokuwa zinapanda na kushuka: MDOLI HUJAMBO MIMI SIJAMBO.

Nilitabasamu. Nikadhani ni karatasi za mazoezi, kwamba yule mwanamume alikosa sufi akajazia alichokuwa nacho. Sikukunjua ya pili. Jioni ile mkaa ulikuwa na unyevu, haukutaka kushika moto, na mimi nilikuwa na beseni zima la karatasi kavu karibu na jiko.

Nilizitumia siku tatu.

Nikamjaza sufi mpya, nyeupe, niliyoinunua kwa mama muuza mito. Nikampaka rangi ya kung'aa, kahawia iliyokolea, midomo myekundu. Nikampunguzia suti ya mtoto ya mtumba, ya rangi ya maziwa, nikamtia na tai. Majirani walikuja kumwona. Walisema amependeza kama bwana harusi. Nami nilimtazama nikaona kwamba kazi imekwisha, lakini mikono yangu bado inataka cha kufanya.

Hapo ndipo niliposikia kwamba kuna wengine. Mjini kulikuwa na familia moja ya Waislamu wenye maduka na malori. Mama wa nyumba hiyo alikuwa ananiletea vitambaa, na alipomwona mdoli barazani akasimama.

"Huyu ana ndugu yake," alisema. "Yuko dukani kwetu Chala. Tunamvalisha kofia za kuuza."

Nilipanda lori lao mpaka Chala. Ndugu yake alikuwa wa mti mtupu, mninga, amechongwa kwa kumwiga yule wa karatasi, pua pana, mikunjo ile ile pembeni ya mdomo, ila hii ilikuwa imechongwa kabisa. Shemeji wa yule mama, aliyekuwa anasimamia duka, alinipa bila maneno mengi, akasema kofia sasa atazitundika kwenye msumari. Akaniambia kwamba wa mti walichongwa wawili, kwa ajili ya wasaidizi waliofundishwa kumzungumzisha mdoli vijijini, na kwamba wa pili alionekana mara ya mwisho Milepa.

"Na aliyewachonga?" niliuliza.

"Mzee yupo, yule yule aliyekuwa akizunguka na mdoli. Kijiji cha pili ukipita hapa. Huja kuchukua chumvi na mafuta ya taa."

Ningeweza kwenda siku ile ile. Lori lilikuwa linalala Chala, na kijiji cha pili hakikuwa mbali. Lakini nilisema moyoni kwamba niende nikiwa nimewakamilisha wote watatu, niwapange mbele yake, aone. Nilijiona kama mtoto anayerudi nyumbani na karatasi ya mtihani.

Nikashuka Milepa kwanza, kule bondeni ambako sweta uliyotoka nayo juu unaivua kabla ya kufika. Mdoli wa pili alikuwa kwenye boma la wafugaji waliohamia kutoka Usukuma na ng'ombe wao. Msaidizi aliyekuwa naye alifia huko, na vitu vyake viligawanywa. Msichana mdogo, wa miaka mitano hivi, alikuwa amemfunga mdoli mgongoni kwa tambara. Taya lilikuwa limeshapotea. Mama yake aliniambia wazi kwamba mtoto analala naye.

"Nitamshonea gauni," nikasema. "Mawili."

Mama alimtazama binti yake, akamwambia kitu kwa Kisukuma. Msichana alimfungua mdoli mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili kama anavyofundishwa mtoto kumpa mgeni maji. Hakulia. Ningekuwa na nafuu kama angelia. Magauni niliyashona na kuyatuma na mtu, na sijui kama yalifika. Mdoli mwenyewe nilimtia taya jipya, nikampaka rangi, na kabla hata sijampeleka kwa mzee nikamwuzia mwenye baa mmoja mjini aliyetaka kumketisha kaunta avutie wateja. Baada ya miezi michache walevi walimng'oa kichwa. Kwa hiyo watatu niliokuwa nawangojea wakamilike hawakukamilika, na mwaka ulikuwa umepita bure.

Nilikwenda kwa mzee na mmoja tu, yule wa karatasi, mwaka mwingine baada ya mavuno ya maharage. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, na nje kulikuwa na benchi alilolichonga mwenyewe. Alikuwa amezeeka lakini wembamba ulikuwa ule ule. Binti yake, mwanamke wa umri wangu ambaye mumewe alimwacha akarudi kwa baba yake, alinitolea kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mjini?"

"Mjini. Nimekuletea mgeni."

Nilifungua kitenge. Mzee alimtazama mdoli kwa muda. Alipitisha kidole gumba pembeni ya mdomo, pale palipokuwa na ile mikunjo, akarudia tena, kama mtu anayetafuta mwanya wa mlango gizani.

"Amependeza," alisema. "Amekuwa kijana."

Nilifurahi. Nilidhani amenisifu.

Akamweka kwenye goti, akaingiza mkono mgongoni, akajaribu kamba. Meno ya mbele hakuwa nayo, nikajiuliza ataweza vipi. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa ile ile ya kijijini kwetu, nyembamba, ya kitundu, haikuzeeka hata siku moja. Ilinisalimu kwa Kifipa. Ikaniuliza suti hii ya nani, mbona inanuka dawa ya mende. Binti yake akacheka akiwa jikoni. Mimi nilikuwa ninacheka na machozi yananitoka. Nilikuwa nimekaa tena kwenye nyasi, mkono wangu ndani ya mkono wa mama.

Kisha mzee akataka kumpandishia mguu mmoja juu ya mwingine, nadhani ndivyo alivyozoea kumketisha. Akaushika mguu kwa vidole. Akaubonyeza. Akaubonyeza na wa pili.

Mdoli aligeuza kichwa akanitazama. "Barua zangu ziko wapi?" aliuliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Nilitazama macho yale ya kioo niliyoyavuta kwa sindano.

"Panya," nikasema. "Nilipomkuta, panya walikuwa wameshazila."

Mzee alimlaza mdoli kwenye mapaja. Sasa alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nzito na ya taratibu.

"Zote?"

"Zote, baba."

Kuku walipita kati yetu. Binti yake alileta togwa, akaweka, akaangalia nyuso zetu, akarudi ndani.

"Si kosa lako, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Kosa ni langu. Nilimwacha mahali pabaya."

Ningeweza kumwambia pale pale. Alikuwa amenifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Badala yake nilichukua kikombe cha togwa nikanywa, nikamwacha abebe kosa langu.

Akanieleza, kwa kuwa alidhani nina haki ya kujua nilichokikosa. Watu walikuwa wanaandika kweli. Baada ya mavuno, mdoli aliporudi vijijini, kina mama walijipanga na karatasi zao, na hawakutaka kumpa yeye. Walimpa mdoli mkononi. Walimwandikia mambo wasiyomwambia mtu. Mmoja aliandika kwamba mkwe wake anamnyima unga. Mwingine kwamba alimzika mtoto na hajui kama alilia vya kutosha. Mdoli aliwaahidi mbele ya watu wote kwamba barua zake hazitaenda ofisini. Lakini ofisini zilitakiwa. Walitaka kuzipeleka juu ziwe ushahidi kwamba kisomo kinafaulu. Mzee alisema hana barua zozote, akaenda nyumbani, akaifumua mikono na miguu ya mdoli, akazishindilia humo zote, akashona. Alihamishiwa kazi ya kuhesabu majembe. Alipoacha kazi aliomba apewe mdoli, akaambiwa hiyo ni mali ya serikali.

"Ulizisoma?" nilimwuliza.

"Nilimsomea yeye," alisema, akimgusa mdoli kichwani. "Ndivyo nilivyoahidi. Nyingi nimesahau. Kuna mama mmoja sikumsahau. Aliandika maneno machache tu: Sasa nasoma mwenyewe barua za mume wangu. Kumbe binti yangu alikuwa ananificha asiniumize. Asijue kwamba nimejua."

Nilisikia upepo kwenye mahindi makavu nyuma ya nyumba.

"Alikuwa wa kijiji gani, baba?"

"Sikuandika vijiji. Mtu angeweza kuzifuata."

Nilimtajia kijiji chetu. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona anafikiri, akatikisa kichwa. Alisema huko walikwenda, wanawake wa huko waliandika sana, ila huyo mama sura yake haiji. Mabinti wanaowasomea mama zao barua kutoka mkonge walikuwa wengi miaka ile. Nami najua walikuwa wengi. Inawezekana alikuwa mwanamke mwingine, wa upande mwingine kabisa wa Ufipa. Sina njia ya kujua. Njia ilikuwapo, ilikuwa kwenye beseni, nami mwandiko wa mama ningeutambua hata kama umetobolewa na wadudu, maana herufi "M" alikuwa anaiandika na miguu mitatu sawasawa kama kigoda.

Nilitaka kumwachia mdoli. Alikataa. "Bado una kazi naye," alisema, na mimi nikadhani anazungumzia rangi iliyokuwa imepasuka kidogo shingoni. Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwahidi kwamba nitarudi kabla ya mvua.

Mvua zilikuja. Barabara ya Chala ilikatika, ikatengenezwa, ikakatika. Nilikuwa na sare za kushona, mume wangu aliumwa, mtoto mkubwa alikuwa anaingia sekondari. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonizuia. Malori yalikuwa yanapita. Nilichoogopa ni kwamba nikirudi itabidi niseme. Kila nilipowasha jiko nilipanga maneno. Nilikuwa nimeshayapanga vizuri kabisa, kwa Kifipa, kwa sababu kwa Kifipa yalionekana mafupi zaidi, siku ambayo yule mama wa malori alipita barazani akaniambia mzee wa Chala amezikwa juzi.

Nilikwenda matanga nimembeba mdoli. Watu walikuwa wamepungua. Binti wa mzee alinipokea, akamchukua mdoli akamweka kitandani chumbani kwa baba yake, kisha tukakaa wawili uani tukichambua maharage ya kupikia wageni waliobaki. Nilishindwa kuvumilia.

"Dada," nilisema, "barua hazikuliwa na panya. Nilizichoma mimi. Niliwashia jiko. Sikujua ni nini, lakini nilizichoma mimi, na baba yako nilimdanganya."

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe kwenye ungo akalitupa.

"Baba alijua," alisema. "Siku ile ile, ulipoondoka, aliniambia. Alisema mishono yake yote ilikuwa imefumuliwa uzi kwa uzi, na kitambaa hakina hata tundu moja la jino. Alisema panya hawafumui."

"Mbona hakusema?"

"Alisema utarudi mwenyewe useme. Alikuwa anakungoja." Akaongeza, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mvua ilipokatika alikuwa anakaa benchini. Lori likipita alikuwa anainuka."

Tulimaliza maharage, tukayaosha, tukayabandika. Niliomba radhi, akasema amesamehe, na naamini alisamehe. Lakini yeye hakuwa mtu niliyemdanganya.

Mdoli nilimwacha kwake. Kabla sijaondoka alinipeleka chumbani anionyeshe kitu: kwenye kijisanduku cha baba yake kulikuwa na visu vidogo vya kuchongea, chupa ya wino mweusi na kalamu ya manyoya. Akaniuliza kama nitaweza kumrudishia mdoli ile mikunjo pembeni ya mdomo. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Nilikumbuka kwamba ilikuwapo, miwili kila upande, lakini nilipotaka kuichora sikuweza kukumbuka ilianzia wapi na kupinda vipi. Nikairudisha kalamu kwenye sanduku. Nilimwambia amtazame yule wa mti niliyebaki naye, aige. Nikamtumia kwa lori la wiki iliyofuata.

Miaka kama mitatu baadaye nilisikia kwamba kina mama wa kule wameanza tena kukutana kusoma, wenyewe, kwenye ghala la maharage, kwa sababu serikali ilikuwa imeyaacha madarasa yale yafe. Binti wa mzee ndiye anayewafundisha, na mdoli anakaa naye mbele. Aliyeniambia alisema binti huyo hajui kusema bila kufungua mdomo, midomo yake inaonekana wazi ikicheza, na kwamba watu wanacheka hivyo hivyo.

Nimeitwa mara mbili niende kuwaona, na sijakwenda. Mara ya kwanza nilishona suti mpya, ya kitambaa kizito cha kijivu, ya kumpelekea. Ilikaa kwenye kiti barazani msimu mzima. Mwishowe jirani aliiomba kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe, nikampa, ikamkaa vizuri.